Sikuapa kwamba mume wangu amekufa

Mume wangu alichukuliwa Oktoba 2015, baada ya magharibi, mbele ya duka la jirani yetu Likoni, Mombasa. Wanaume wanne waliovaa kiraia, gari jeupe, pingu. Alikuwa fundi wa umeme. Begi lake la vifaa lilibaki kwenye baraza ya duka, na mwenye duka ndiye aliyeniletea.

Kesho yake nilikwenda kituo cha polisi peke yangu. Nikaambiwa labda ana mke mwingine, nimpe muda. Siku ya tatu nilirudi na shemeji yangu, mzee wa mtaa na yule mwenye duka, tukakaa kwenye benchi mpaka taarifa ikaandikwa. Dada yangu uliyepatwa na msiba huu, usiondoke kituoni bila namba ya OB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha matukio cha polisi. Shule, chifu, wakili, mahakama, wote wataanza kwa kukuuliza hiyo.

Katiba ya Kenya inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kifungu cha 51 kinampa haki ya kuombewa amri ya kuletwa mbele ya jaji. Wakili wa shirika la haki za binadamu alituandikia ombi hilo bila malipo. Mombasa wapo wanaoshughulikia kesi hizi, kama Haki Africa na MUHURI. Maafisa wa polisi waliapa kwamba hawakumkamata, na ombi likafungwa. Siku ile nililia hadi kivukoni. Lakini ndani ya faili lile kilibaki kiapo cha mwenye duka: saa, gari, sura za watu. Mwaka uliofuata alihamia Tanga, na ningempata wapi tena?

Kisha ikaja miaka ambayo sikuwa mke wala mjane. Akiba yake ilikuwa kwenye chama cha akiba na mikopo. Nikaambiwa nilete mwenyewe au cheti cha kifo. Majirani waliniuliza nitakaa eda lini. Nikae eda ya nani, nami kila pikipiki ikisimama nje usiku naamka?

Wakili alinieleza kwamba zipo nchi zilizolifikiria hili. Argentina ilitunga sheria mwaka 1994 inayomtambua mtu kuwa ametoweshwa, ili familia ipate haki zake bila kulazimika kumwita maiti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu watu kutoweshwa nao unazitaka serikali zishughulikie mali, ndoa na matunzo ya familia kama zetu. Kenya iliutia saini mwaka 2007, na kutia saini si kuridhia. Sisi tulibaki na kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi: mtu asiposikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kumsikia, huchukuliwa kuwa amekufa. Miaka saba. Kifungua mimba wangu alikuwa darasa la pili baba yake alipochukuliwa; ilipotimia alikuwa ameshaingia sekondari, kwa basari iliyopatikana kwa barua ya chifu na nakala ya OB.

Mwaka 2022 ulipofika, mavyaa alikataa katakata. "Unataka kumzika mwanangu kwa karatasi?" Sikumlaumu, hata mimi mkono ulikuwa mzito. Nikamwomba wakili anisomee kile kifungu polepole, neno kwa neno. Hakimtaki mtu aape kwamba fulani amekufa. Kinataka uthibitishe kwamba hajasikika. Basi kiapo changu kiliandikwa hivyo hivyo: tangu Oktoba 2015 sijamwona, sijapokea simu yake, wala mama yake, wala nduguze. Yote ni kweli, na hakuna zaidi.

Mahakama ilipotoa uamuzi nilikaa eda miezi minne na siku kumi, kisha tukaenda kwa Kadhi kugawa mirathi. Akiba ikatoka, ikalipa ada ya wanangu wawili.

Lakini kabla ya yote hayo mavyaa naye alipaswa kuapa. Alisomewa kiapo chake mara mbili, akachovya kidole gumba kwenye wino, kisha akakishikilia hewani.

"Wakili, mwanangu akirudi, karatasi hii itakuwaje?"

"Mama, akirudi tutaipeleka mahakamani ifutwe."

Ndipo akaweka dole.