Mti wa Jiwe Ahmedabad

Ahmedabad, India, sikwenda kutalii. Mjomba alikuwa anabadilishwa goti, ukoo ukakaa, ukaona mwenye likizo ni mimi. Siku ya nne baada ya upasuaji akachoka kuniona nimekaa pembeni ya kitanda nachezea simu.

"Toka ukaone mji wa watu," akaniambia. "Ukirudi unisimulie. Lakini usinipe urefu na upana. Niambie vimechongwaje."

Mjomba ni fundi wa milango kule Unguja. Ana miaka zaidi ya arobaini na patasi mkononi, na mingi ya milango aliyoitengeneza ni ile yenye tao juu, tunayoiita ya Kihindi.

Nikaanzia msikiti wa Ijumaa, wenyewe wanauita Jama Masjid. Aliujenga Sultan Ahmed Shah, ukamalizika 1424, miaka 13 tu baada ya kuuanzisha mji wenyewe na kuupa jina lake. Kosa langu lilikuwa kufika saa saba mchana, mwezi wa Aprili. Viatu unaviacha mlangoni, halafu mbele yako kuna ua mpana wa mawe yaliyokwiva kwa jua. Nikauvuka kwa kurukaruka kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto, vijana waliokuwa wakitawadha birikani wanacheka waziwazi. Ndani kuna nguzo 260, na kibaridi kama cha kisimani. Nguzo nyingine zimechongwa minyororo na kengele, nakshi za mafundi waliozoea kujenga mahekalu. Hilo nilimwekea Mjomba.

Kesho yake nikapanda bajaji hadi hekalu la Hutheesing, la Wajaini, wafuasi wa dini moja ya kale ya India. Mlinzi akanionyesha mkanda wangu wa suruali: ngozi haiingii. Nikauacha nje, nikazunguka nyumba takatifu nimeshika suruali kwa mkono wa kushoto. Lilikamilika 1848. Tajiri aliyelianzisha alifariki kabla halijaisha, mkewe ndiye aliyelimaliza. Kote ni marumaru nyeupe, na vijihekalu 52 vimelizunguka ua, kila kimoja na sanamu iliyokaa kimya macho wazi. Nisingeshauri mtu alipite haraka, ingawa mimi, kwa ajili ya suruali, nililipita haraka.

Ashram ya Sabarmati, makao ya Gandhi na wafuasi wake, ni kinyume chake kabisa. Nakshi huna cha kutazama. Kuna nyumba ya kawaida kando ya mto na gurudumu la kusokotea pamba. Gandhi alihamia pale 1917, na tarehe 12 Machi 1930 akatoka kwa miguu na wenzake 78 kwenda baharini Dandi kuokota chumvi, kupinga kodi ya Mwingereza. Aliapa harudi mpaka nchi iwe huru, na hakurudi kuishi pale tena.

Dereva wa bajaji, tuliyekuwa tumeshazoeana, ndiye aliyeniuliza kama nimeshaona "jali". Jali ni dirisha la jiwe lililotobolewa nakshi. Kwetu neno hilo lina kazi nyingine, lakini baada ya wiki mbili nilikuwa nimeshazoea kusikia maneno yetu yakitokea vinywani mwao: gari, laki, chapati. Hatukuazima machache kwao.

Akanishusha kwenye msikiti mdogo ulioachwa katikati ya barabara, magari yanauzunguka, honi hazinyamazi. Aliyeujenga mnamo 1572 ni Sidi Saiyyed, Mhabeshi. Sidi ndivyo wanavyoitwa hadi leo watu wa Gujarat, jimbo lenye mji huu, wenye asili ya Afrika, na ngoma yao wanaiita goma. Nikasimama kidogo na jina hilo. Kisha nikaingia, nikageuka kutazama ukuta wa kibla.

Kwenye tao la juu umesimama mti. Shina jembamba, matawi yamesokotana na kujipinda mpaka yakajaza dirisha zima, na katikati yake mtende. Kila penye uwazi, mwanga unapita. Jiwe moja moja limepunguzwa hadi likawa kama kamba iliyofumwa. Dirisha la kati, ambalo ungetarajia ndilo liwe zuri kuliko yote, limezibwa kwa jiwe tupu. Wenyeji husema majeshi ya Akbar, mfalme wa Wamoghul, yaliingia Gujarat kazi haijaisha.

Niliporudi hospitali nilijaribu kumsimulia, nikashindwa. Mikono ilikuwa inachora hewani tu.

"Basi utanipeleka," akasema.

Tulikwenda siku moja kabla ya ndege, yeye na magongo yake. Akaswali kwenye kiti, halafu akaomba kiti kisogezwe. Akainua gongo moja, akaanza kulifuata tawi kuanzia shinani, taratibu, likampotea, akarudi mwanzo. Mara tatu.

"Huyu alianzia kwenye mbao," akasema, kwa namna asiyotaka kubishiwa. "Mkono wa mbao huu. Ila kwenye mbao ukikosea unatia kiraka. Hapa ukivunja kijiti kimoja, umelipoteza jiwe zima."

"Na lile la kati lililozibwa?"

"Hilo mimi ndilo ninaloliamini zaidi. Kazi zote zina hilo."

Akaniomba simu. Jioni nikazitazama picha zake: kumi na moja, zote za pembe ya chini, pale tawi linaposhikana na fremu. Mti mzima hakuupiga hata mara moja.