Kiti cha Heidi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu la juma hili ni Luka 15:11-24, ila naomba tulifikie kwa njia ya milimani, huko Uswisi, kupitia hadithi ya Heidi iliyoandikwa na Johanna Spyri mwaka 1880.

Babu yake Heidi aliutapanya urithi wa wazazi wake kwa kamari na pombe. Baadaye mwanawe Tobias, fundi seremala, aliangukiwa na boriti akafa, na mkwewe naye akafuata baada ya majuma machache. Watu wakasema Mungu amemlipa, tena wakamwambia usoni. Mzee akahamia mlimani na mbuzi wake wawili. Kanisani hakanyagi.

Siku moja akapelekewa Heidi, yatima wa miaka mitano. Aliyemleta akamwacha hapo, akashuka zake.

Mtoto hajui kesi ya babu. Anachotaka ni kuona ndani mna nini, na kulala darini juu ya nyasi kavu. Wakati wa chakula mzee anagundua kwamba mjukuu hana kiti cha kumtosha. Baadaye anakata vijiti, anatoboa ubao, anagongelea. Mimi kila nikifika hapo huwa nakwama kidogo. Mtu aliyekuwa hata salamu hatoi, leo anawaza miguu ya mtoto itaning'inia wapi!

Miaka ikapita, Heidi akachukuliwa kwenda Frankfurt, mji wa Ujerumani, akajifunza kusoma na kuomba. Aliporudi, babu alimwambia kwamba aliyesahauliwa na Mungu amesahauliwa, hakuna kurudi nyuma. Heidi akakataa. Akafungua kitabu chake cha picha, akamsomea habari za mwana mpotevu, ndilo neno letu la juma hili. Usiku mzee akapanda ngazi na taa, akamtazama mjukuu amelala, mikono imefumbatana kama anayeomba, naye machozi yakamtoka: "Baba, nimekosa juu ya mbingu na mbele yako."

Asubuhi ilikuwa Jumapili. Akavaa koti lenye vifungo vya fedha, wakashuka wameshikana mikono, wakakaa benchi la nyuma. Waumini wakagusana viwiko (sisi na viwiko vyetu!). Baada ya ibada wakajikusanya nje ya nyumba ya mchungaji, wangoje waone kama mzee atatoka na hasira. Akatoka na mchungaji, wanapeana mkono, na wale wale wakaanza kusukumana kumsalimu.

Njiani kurudi, Heidi akamwambia babu kwamba leo anazidi kupendeza.