Gego la chini kushoto

Jumatatu, saa nane usiku

Nimetoka nje kwa sababu kulala kumenishinda. Nikikaa wima jino linapungua makali, nikiweka kichwa kwenye mto linaanza kupwita kama lina moyo wake. Nimeketi mlangoni na kikombe cha maji ya vuguvugu yenye chumvi, simu mkononi, naandika ili akili ipate kazi nyingine.

Mwezi umejaa. Kutoka hapa kwetu Mwanza, juu kwenye mawe ya Kirumba, ziwa linaonekana jeupe kama sinia, na hakuna taa hata moja. Usiku wa giza taa za wavuvi wa dagaa huwezi kuzihesabu, mgeni anaweza kudhani kuna mji mwingine kule majini. Lakini dagaa hufuata mwanga, na mbalamwezi ikiwaka hivi taa ya mvuvi haina kazi. Mitumbwi imepumzika, nyavu zimeanikwa, na sisi tunaoishi kwa kuuza dagaa pale soko la Mwaloni tumepumzika nao bila kupenda. Siku za mbalamwezi kama hizi huja kila mwezi na huwa najipanga nazo: unga upo, mkaa upo, hela ya shule imetengwa. Jino sikulipanga.

Ni gego la chini, upande wa kushoto. Lilianza miezi mitatu iliyopita. Maji ya baridi yakipita lilishtuka, kisha likaacha, nikaona si kitu. Baadaye chai ya moto nayo ikawa inaliamsha, na sasa maumivu hayakuondoka na chai, yalibaki mpaka kikombe kipoe. Wiki tatu zilizopita likaanza kuuma lenyewe bila kuguswa. Nikaenda duka la dawa, nikapewa diklofenaki ya kutuliza maumivu na amoksilini ya kuua vijidudu. Siku ya nne likanyamaza kabisa. Nikamshukuru Mungu, nikarudi kwenye magunia yangu ya dagaa.

Juzi limerudi, na fizi imevimba. Nikifunga mdomo nalihisi kama limerefuka kuliko wenzake, linagusana na la juu kabla ya mengine. Nimejumlisha dawa zote nilizonunua tangu lianze: shilingi 17,500. Na bado niko nje saa nane usiku.

Jumanne

Nilianzia hospitali ya serikali. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yangu alikuwa mzee amejifunga kitenge shavuni, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akaitikia kwa mkono tu, mdomo haukufunguka. Nilimwelewa.

Daktari aligonga jino langu kwa mpini wa kioo chake kidogo. Nikaruka kwenye kiti. Akasema anaweza kuling'oa leo hii, shilingi 20,000 na ganzi humo humo, nitarudi nyumbani nikalale. Kisha akaangalia tena, akaniuliza upande wa kulia natafuna vipi. Nikamwambia kulia nina pengo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, hili linaweza kuokolewa. Sisi hapa magego hatuyatibu mizizi, lakini kabla hujaling'oa nenda ukaulize." Akanielekeza kliniki ya meno huku mjini. Angeweza kuling'oa na kumwita anayefuata, foleni ilikuwa imefika mlangoni. Namshukuru sana.

Kliniki walinipiga eksirei, shilingi 25,000 pamoja na kumwona daktari. Akanionyesha picha kwenye kompyuta. Mizizi miwili kama miguu ya mtu aliyesimama, na kwenye ncha ya mguu wa nyuma doa jeusi kama kivuli. Akaeleza kwamba ndani ya jino kuna neva na mishipa ya damu, na tobo langu limeshafika huko. Mzizi mmoja neva yake imekufa na kuoza, usaha unasukuma pale chini, ndiyo maana jino nalihisi limerefuka. Mwingine bado una uhai, ndio unaolia usiku. Nikamuuliza mbona amoksilini ilinituliza. Akasema dawa husafiri na damu, na ndani ya mzizi uliokufa damu haipiti tena, kwa hiyo inatuliza nje na chanzo kinabaki ndani. Akaniuliza diklofenaki nimekunywa siku ngapi. Nilipomjibu akakunja uso, akasema nikiendelea hivyo nitatafuta vidonda vya tumbo juu ya jino.

Bei zake niliziandika nyuma ya daftari la mauzo. Kusafisha na kuziba mizizi 300,000, mahudhurio matatu. Baada ya hapo kofia ya kulivika: ya chuma tupu 250,000, ya rangi ya jino 400,000. Kung'oa kwake ni 40,000. Mimi faida yangu kwa gunia, mambo yakienda vizuri, ni kama shilingi 10,000. Basi mizizi ni magunia 30 na kofia ya chuma ni 25 mengine. Nilitembea kutoka pale hadi stendi ya daladala nikiyapanga magunia hayo kichwani, na sikuona mahali pa kuyaweka.

Alhamisi

Mama mkwe amekuja kutoka Sengerema kuniangalia. Ameleta karafuu kwenye kikaratasi, akanitwangia mbili, akanipa pamba. Zinasaidia kwa kweli, nusu saa hivi pale mahali pote panakufa ganzi. Alipoona daftari lenye bei akalisogeza taratibu.

"Mayu, jino likishaoza halirudi. Ling'oe ulale."

Sikumbishia. Kwanza ni mama yangu. Pili, anachosema kina ukweli: kung'oa ni tiba, mtu akishang'olewa maumivu yale kweli yanaisha. Yeye katika maisha yake hakuna aliyewahi kumpa jambo la pili la kuchagua. Lakini jioni tulipokula sato nilimtazama. Mjukuu wake alikuwa anamchambulia minofu na kuisaga kwa vidole, naye anameza. Ugali anautowesha sana kwenye mchuzi ndipo ale. Mahindi ya kuchoma, aliyokuwa akiyapenda kuliko nyama, hajayagusa miaka.

Na mimi nina pengo langu. La kulia nililing'oa miaka minane iliyopita, shilingi 10,000, dakika kumi na tano. Nilitoka nikifurahi kwamba nimeponea bei rahisi. Hakuna aliyeniambia kinachofuata. Gego la nyuma yake limelala kuelekea kwenye pengo, la juu limeshuka kama linatafuta mwenzake, na kati yao nyama inanasa kila nikila. Kidogo kidogo nikaacha kutafunia kulia, kazi yote nikaipa kushoto bila hata kujua kwamba nimeamua hivyo. Siwezi kusema ndiyo sababu hili limetoboka. Sukari ya chai na kulala bila kupiga mswaki navijua mwenyewe. Ila sasa nikilitoa na hili, upande wa kutafunia sina.

Nilikuwa nimeuliza pia habari za kuweka jino jingine baada ya kung'oa. La kuvaa na kuvua ni 70,000, linashikilia meno ya jirani kwa vikucha vya waya, na daktari alikuwa mkweli kwamba gego la namna hiyo nguvu yake ya kutafuna si kama ya jino lenye mzizi. Kuna la daraja, lakini kwa daraja meno mawili mazima ya pembeni yanachongwa yabebe la katikati, na hilo lilinichoma roho. Kuna la kupandikiza, skrubu ya titani ndani ya mfupa. Bei yake inaanzia kwenye milioni, tukaendelea na mazungumzo mengine.

Kwa hiyo kung'oa si 20,000. Ni 20,000 na kinachofuata, na kinachofuata hakiandikwi kwenye risiti.

Hata hivyo laki tatu sina. Niseme vizuri: ninazo, ni mtaji. Mtaji wangu wote ni laki tisa na umelala sasa hivi kwenye kisanduku ukisubiri giza. Baba watoto yuko Ukerewe, ni fundi wa mitumbwi, nikampigia. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Fanya unavyoona, mke wangu. Ila mtaji usiuguse." Wote wawili tunakumbuka mwaka ule tulipoula mtaji kwa ugonjwa wa mtoto, na ilivyotuchukua miezi kumi na mmoja kurudi sokoni.

Ijumaa

Nimerudi kwa daktari kumuuliza swali ambalo Jumanne niliona aibu kuliuliza: kama inawezekana kulipa hatua kwa hatua. Inawezekana. Hudhurio la kwanza ni 100,000. Atalifungua jino, atatoa neva na uozo, ataweka dawa ndani na kuziba kwa muda. Maumivu yanaishia hapo. Zilizobaki nalipa nikirudi, lakini nisikae miezi, maana kizibo cha muda huvuja na vijidudu vikirudi ndani tumeanza upya.

Kofia nayo inaweza kungoja kidogo, lakini alinitahadharisha. Jino lililotolewa neva na lenye tobo kubwa kama langu huwa na kuta nyembamba, linaweza kupasuka kwa mfupa tu wa samaki. Likipasuka hadi mzizini litang'olewa, na laki tatu zimekwenda nalo. Hapo ndipo hofu yangu ilipo, wala sitaificha. Nimechagua ya chuma. Kule nyuma haionekani mpaka nicheke sana, na nikicheka sana namna hiyo sitajali.

Kikoba wamenikopesha laki moja, narudisha laki na elfu kumi kwa miezi miwili. Mwenyekiti wetu aliliangalia shavu langu, akatoa hela kabla sijamaliza maelezo.

Jumamosi

Sindano ya ganzi iliniuma kidogo pale nyuma ya taya, kisha nusu ya mdomo wa chini ikapotea, na ulimi nao upande ule. Jino lilipofunguliwa ilitoka harufu ambayo sitaielezea. Daktari hakushtuka, akasema ndiyo aliyokuwa anaitafuta.

Halafu akaanza na vijisindano. Vyembamba kama waya wa gitaa, vina nyuzi za skrubu, na kila kimoja kina kishikio cha rangi yake: cheupe, cha njano, chekundu, cha bluu. Anaingiza, anazungusha kwa vidole viwili, anavuta, anafuta, anaingiza kingine kinene kidogo. Kila baada ya muda anasukuma maji kwa bomba la sindano, na yale maji yananukia jiki kabisa. Nilipoweza kuuliza akaniambia ni dawa ya jamii hiyo hiyo, huyeyusha mabaki na kuua vijidudu. Mizizi ni miwili lakini njia ndani yake ni tatu, na zote alizipitia. Saa moja na robo. Alikuwa ameinama juu yangu na jasho linamtoka kipajini, na nilijiambia moyoni kwamba hapa laki yangu naiona inavyofanya kazi.

Mwisho akaziba kwa unga mweupe aliouchanganya na mafuta kwenye kipande cha kioo. Harufu ikanifikia nikafungua macho: karafuu. Ni mafuta ya karafuu, alisema. Nilimpigia mama mkwe jioni ile ile kumwambia, akacheka kwa furaha ya mtu aliyekuwa sahihi.

Nimelala saa tisa mfululizo. Niliamshwa na jogoo wa jirani.

Jumatano

Kuna neno la daktari lilikuwa halijanitoka. Gego hili la kwanza huota mtoto akiwa na miaka kama sita, nyuma kabisa ya meno ya utoto. Halisukumi jino lolote, kwa hiyo wazazi wengi hatujui kwamba limekuja, na likioza tunadhani ni la utoto, litang'oka lenyewe. Mimi nina miaka 37. Nimekuwa nalo tangu kabla sijajua kusoma.

Binti yangu ana miaka minane. Jana baada ya shule nilimwinamisha mlangoni penye mwanga, nikaangalia kwa tochi ya simu. La chini kushoto, lile lile, lilikuwa na nukta nyeusi katikati kama kichwa cha pini. Leo nimempeleka. Tobo halijafika ndani. Limesafishwa na kuzibwa bila hata sindano ya ganzi, dakika ishirini, shilingi 40,000. Zilikuwa hela za mafuta na sabuni za mwezi mzima. Nilizihesabu juu ya meza ya mapokezi moja moja na sikuomba punguzo.

Sasa ni saa tatu usiku, na mwezi bado hautachomoza mpaka usiku mkuu upite. Yeye amekaa miguuni pangu anapitisha ulimi kwenye jino lake jipya. Kule majini taa zimeanza kuwashwa, kwanza upande wa visiwani, halafu karibu. Mteja wangu wa Kahama ameshapiga simu, anataka magunia kumi ya kwanza. Nina kama wiki mbili za giza mbele yangu, na hudhurio la pili ni Jumamosi saa nne asubuhi.