Naishi Mount Thomas, mji usiokuwepo

Watu wa nyumbani wakiniuliza naishi wapi, nikitaja Werribee hawapati picha yoyote. Nikisema Melbourne wanapata kidogo. Lakini wapo watu duniani, wasiowahi kukanyaga Australia, ambao wamezitazama barabara za mtaa huu kwa miaka bila kujua jina lake. Wao waliambiwa ni Mount Thomas, mji mdogo wa bara wenye kituo cha polisi, baa na matatizo mengi kuliko idadi ya wakazi wake. Mji huo ni wa kubuni. Picha nyingi za nje zilipigwa hapa Werribee, ninaponunua unga na maharage.

Tamthilia yenyewe ni Blue Heelers. Kituo cha Seven kiliirusha tangu miaka ya mwanzo ya tisini hadi Juni 2006, jumla sehemu 510. Mkuu wa kituo ni Tom Croydon, aliyeigizwa na John Wood, mzee mwenye uso wa mtu aliyechoka kusema jambo lile lile. Konstebo wake ni Maggie Doyle, na Lisa McCune aliyemwigiza alishinda tuzo ya televisheni ya Gold Logie mara nne mfululizo, 1997 hadi 2000. Gold Logie huamuliwa kwa kura za watazamaji, kwa hiyo hapo hakuna jopo la mabingwa. Ni taifa lilimpenda yule binti. Mwaka 2000 waandishi wakamuua kwa risasi. Kazini kwangu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, yuko bibi mwenye asili ya Italia ambaye sote tunamwita Nonna kama wajukuu zake. Hutazama marudio kila alasiri, na hadi leo hajawasamehe waandishi hao. Akifika sehemu ile huniamuru nizime.

Mimi nilianza kuitazama kwa sababu ya Nonna, nikimlisha. Nilichokuja kukipenda zaidi ni safari za tamthilia yenyewe: imekuwaje kisa cha wizi wa kondoo katika mji usiokuwepo kikauzwa nchi baada ya nchi?

Jibu la haraka la Waaustralia ni kwamba ilikuwa nzuri. Mimi naona biashara ilikuwa na sababu za kawaida zaidi. Kituo cha ng'ambo hakinunui tamthilia. Kinanunua ruhusa ya kuirusha kwa muda fulani, mara kadhaa, ndani ya mipaka fulani. Bei haifuati gharama ya kuitengeneza. Inafuata mfuko wa mnunuzi na wingi wa watazamaji wake, hivyo saa ile ile moja nchi tajiri huilipia sana na kisiwa kidogo kikaipata kwa bei ya kutupa. Muuzaji halii, kwa kuwa gharama kubwa imesharudi nyumbani. Na nyumbani soko lina kinga: sheria ya Australia inavitaka vituo vya kibiashara virushe vipindi vya humu humu kwa asilimia 55 ya muda kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita usiku. Kinachopatikana nje ni faida juu ya faida.

Halafu kuna hesabu ya mapengo. Hadi 2024, mara mbili kwa mwaka wanunuzi wa televisheni walikutana Cannes, Ufaransa, si kwa ajili ya lile tamasha la mazulia mekundu bali kwenye maonyesho ya biashara, MIPTV na MIPCOM. Wengi wao walikuja na ratiba zenye mashimo: saa nane mchana, saa tano usiku, saa ambazo hakuna aliyetaka kugharimia kitu kipya. Mwenye sehemu 510 mkononi alikuwa mfalme hapo. Ukirusha moja kila siku ya kazi, unakaa karibu miaka miwili bila kuwaza shimo hilo tena. Kampuni ya Southern Star, iliyoisambaza Blue Heelers, ilikuwa inauza usingizi mzuri kwa wapanga ratiba.

Kiingereza nacho kilibeba mzigo. Sisi tuliokulia Kenya tunamjua Derrick, yule inspekta wa Munich aliyekuwa akitujia kwenye KBC na midomo inayofungwa wakati sauti bado inaendelea. Kituo cha Ujerumani, ZDF, kilitengeneza sehemu 281 za Derrick, na kila moja ilihitaji chumba cha waigizaji wa kuiwekea sauti kabla ya kutufikia. Kazi hiyo haifanyiki kirahisi kama hukuhifadhi muziki na milio ya magari kando na maneno, kwa kuwa unafuta vyote pamoja. Croydon hakuhitaji hayo ili kuingia Uingereza au Ireland. Hata magari yake yanapita kushoto, kama Mombasa. Kwa Marekani kulikuwa na kikwazo kingine: enzi za kanda, Australia ilitumia mfumo wa picha wa PAL, sawa na Kenya, na Wamarekani NTSC, kwa hiyo kanda ilibidi igeuzwe kwanza.

Kusafiri kwenyewe kulikuwa na vituko. Kuna nesi Mwingereza hapa kazini aliyekua na Prisoner, tamthilia ya gereza la wanawake iliyotengenezwa hapa Melbourne kati ya 1979 na 1986, sehemu 692. Si ya polisi hasa, ila ni ndugu wa damu. Uingereza iliitwa Prisoner: Cell Block H, Kanada Caged Women, Sweden Kvinnofängelset, na huko Sweden ilipata wafuasi wa kufa na kupona. Nesi wetu anasema yeye na binamu yake walikuwa hawawezi kuizungumzia. ITV ya Uingereza wakati ule ilikuwa muungano wa kampuni za mikoa, kila moja ikianza na kupanga inavyotaka, usiku wa manane. Mkoa mmoja mhusika ameshazikwa, mkoa wa jirani bado anapanga kutoroka. Kumpigia ndugu simu ilikuwa hatari kwa undugu.

Msidhani Waaustralia walikuwa wanauza tu. ABC ya hapa iliwalisha The Bill ya London kwa miaka, na SBS ikawapa Inspector Rex, mbwa wa polisi wa Vienna, kwa Kijerumani na maandishi chini. Watu wazima na akili zao walipanga jioni zao kwa ajili ya mbwa huyo.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha tamthilia iliyokatazwa nyumbani kwake. Februari 2008 kituo cha Nine kilikuwa tayari na Underbelly, sehemu 13 juu ya magenge yaliyouana Melbourne na wapelelezi waliowafuata. Siku moja kabla ya kuanza, Jaji Betty King wa Mahakama Kuu ya Victoria akazuia isirushwe katika jimbo hili, kwa sababu kesi ya mauaji iliyohusiana na mambo yale yale ilikuwa inakaribia kusikilizwa, na baraza la wazee wa mahakama lisingeweza kusahau lilichokiona sebuleni. Basi Sydney waliitazama, Perth waliitazama, na mji uliochimbiwa makaburi hayo ukabaki gizani. Kwa siku chache tu. Wenyeji wanasimulia jinsi nakala za DVD zilivyokuwa zikipita mkono kwa mkono kwenye maeneo ya ujenzi, na waliojua kompyuta wakawa na marafiki wapya ghafla. Jaji alikuwa na haki, kwa maoni yangu. Mtu anayeshtakiwa hastahili kuhukumiwa na mwigizaji. Ila amri ya mahakama ilikuwa imeandikiwa dunia ya minara ya televisheni, na minara ilikuwa imeshapitwa.

Kitu kimoja kinanisumbua katika usafirishaji wote huu. Yeyote aliyeijua Australia kupitia Mount Thomas akishuka leo Werribee atadhani dereva amekosea njia. Atakuta Wahindi, Wasudan Kusini, Wafilipino, na sisi Waswahili wachache tunaogombania samaki sokoni. Na wenye nchi, Waaborijini, walikaa pembeni ya kamera kwa muda mrefu zaidi ya sisi wageni. Mwaka 1972 kulitengenezwa Boney, kuhusu mpelelezi mwenye asili ya Kiaborijini, na aliyepewa nafasi ni James Laurenson, mzungu wa New Zealand aliyepakwa rangi. Hiyo nayo iliuzwa nje.

Ilichukua miongo hadi Aaron Pedersen, Mwaborijini, amvae mpelelezi Jay Swan katika Mystery Road: filamu ya Ivan Sen mwaka 2013, ya pili, Goldstone, mwaka 2016, kisha mfululizo wa ABC mwaka 2018 akiwa na Judy Davis, ambao BBC iliununua. Swan huongea kidogo, na anapoingia mjini hakuna upande unaomfurahia: wazungu wanamwona Mwaborijini, ndugu zake wanamwona polisi. Mtu yeyote aliyewahi kuwa na kaka askari mtaani kwao atauelewa ule ukimya mezani.

Mkitaka kuianza, anzeni na filamu ya 2013. Kuna tamthilia nyingine ya 2022, Origin, inayosimulia ujana wake na ina mwigizaji mwingine, Mark Coles Smith. Mtashawishika kuanza nayo kwa kuwa kisa chake kinatangulia. Msifanye hivyo, iacheni hadi mwisho.