Kwa nini tuliiacha nyumba ya kona

Nyumba tunayonunua Kigamboni ni nyumba pacha. Ukuta wa sebule yetu ndio ukuta wa sebule ya jirani, baraza inatosha viti viwili na meza ndogo, na ukiingia getini unazipita nyumba kadhaa nzuri zaidi kabla hujaifikia. Katika mradi huohuo, kwa nyongeza ambayo benki ilikuwa tayari kutukopesha, tungepata ile ya kona: inajitegemea, vyumba vitatu kimoja masta, na uwanja wa kutosha kupanda miembe. Ndugu wengi wameniuliza tulifikiria nini. Nimeshaeleza sana kwenye simu, leo naandika, huenda itamfaa mtu ambaye naye anazungukia miradi ya nyumba mpya.

Wengine wanauliza kwanza kwa nini hatukununua kiwanja tukajenga, kama walivyofanya kaka zangu. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi kwa zamu katika hospitali upande wa Temeke. Mume wangu, Baba Nasra, yuko bandarini, naye ana zamu zake. Kujenga kwa kudunduliza kunataka mtu wa kushinda saiti: ahesabu mifuko ya saruji inayoshushwa, aone nondo zinazofungwa ni za unene ulioandikwa kwenye ramani, ahakikishe zege linamwagiliwa maji baada ya mafundi kuondoka. Sisi hatuna mtu huyo. Na kodi tunayolipa sasa inatoka miezi sita kwa mpigo, kila mara mwenye nyumba akiongeza kidogo. Mkopo wa benki una riba ya tarakimu mbili, si jambo la kuchukulia kirahisi, tulikaa nalo muda mrefu. Lakini mwisho wa mkopo kuna hati yenye majina yetu.

Kigamboni tuliichagua kwa ajili ya daraja. Zamani mtu wa zamu ya usiku aliyeishi kule alitegemea pantoni ya Magogoni, au azunguke mbali kwa Kongowe. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, mita 680 kutoka Kurasini hadi Vijibweni, hesabu imebadilika kabisa kwa watu wa Temeke kama sisi. Unalipia kuvuka, na tozo hiyo tumeiweka kwenye bajeti ya mwezi pamoja na mafuta ya gari. Anayehamia kule asiisahau, maana inalipwa kwenda na kurudi.

Sasa, nyumba zenyewe. Kila mradi una nyumba ya mfano. Ya pale ilikuwa na kiyoyozi kinavuma, makochi ya kijivu, na kitanda kidogo kilichowekwa ili chumba kionekane kikubwa. Dada wa mauzo alikuwa muungwana, alichokijua alijibu, asichokijua aliandika akauliza. Lakini nyumba ya mfano hainunuliwi. Nilimwomba atupeleke kwenye nyumba zenye namba, zile ambazo namba zake ndizo zitakazoandikwa kwenye mkataba, na nikamwambia nitarudi siku ya mvua.

Hapo kwenye mvua lazima nikae kidogo.

Nimekulia Kigogo, bondeni, karibu na Mto Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yalitukuta huko. Maji yalipanda ndani hadi juu ya meza ya chakula, na yalipoondoka yaliacha tope zito lenye harufu ambayo hata leo nikiisikia tumbo linajikunja. Cherehani ya mama, iliyotulipia ada sisi sote, tuliifukua kwa mikono. Gurudumu lilikuwa limegoma, na mama aliendelea kulifuta kwa kanga kama vile likikauka litazunguka. Familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande zikapewa viwanja huko. Sisi tulihamia kwa mjomba. Kwa hiyo nikiambiwa nyumba ni nzuri, mimi naangalia chini: maji yakija yanatoka wapi, na yanaelekea wapi.

Tulikwenda katikati ya Aprili, masika yamekolea, mvua ikinyesha tangu alfajiri. Nilisimama pale kwenye kona nikiwa na mabuti ya mume wangu. Barabara ya ndani ya mradi imepangwa matofali vizuri, ila inateremka taratibu kutoka juu na mteremko wote unaishia kwenye nyumba ile. Mfereji upo, lakini upana wake haufiki shubiri mbili. Ulijaa mbele ya macho yetu, maji yakavuka ukingo, yakapita chini ya geti na kusambaa uwanjani. Nyuma ya jiko mfuniko wa chemba ulikuwa unacheza, unainuka kidogo, unatulia, unainuka tena, na pembeni mapovu yanatoka. Sehemu nyingi za Kigamboni ni mchanga na maji ya ardhini hayako mbali. Mvua zikishakolea, shimo la maji machafu halinywi tena, na linachoshindwa kunywa linakirudisha kilikotoka. Mwenye watoto wanaocheza uani anajua hiyo maana yake nini, na sisi wauguzi tunakutana nayo wodini kila masika.

Ukuta wa nyuma ulikuwa na rangi mpya. Chini, kimo cha goti, kulikuwa na mstari wa kahawia. Umepakwa rangi juu yake, lakini ulikuwa bado unachungulia. Mzee mlinzi alikuja na mwavuli wake akasimama nasi. Hakuulizwa. Alisema tu, "Mwanangu, ningekuwa mimi ningepanda kule kwenye zile pacha. Kule masika yote mawili niliyokaa hapa sijaona maji yamesimama."

Nilimshukuru mzee yule na bado namshukuru.

Mvua ilipokatika siku zilizofuata tulirudi na shemeji yangu, kaka yake Baba Nasra, ambaye ni fundi mwashi tangu ujana wake. Nilijifunza mengi kwa kumwangalia. Hakuanza na makabati ya jikoni kama mimi. Kwenye nyumba ya kona alikwenda moja kwa moja kwenye lipu ya nje, chini ya dirisha la jiko, palipokuwa na unga mweupe kama uliomwagika. Akaukwangua kwa ufunguo, akaweka kidogo kwenye ulimi, akatema. "Chumvi hii, shemeji." Akanieleza kwamba inaweza kuwa mchanga uliotumika ulikuwa na chumvi, au unyevu unapanda kutoka ardhini kwa sababu chini ya jamvi hakukuwekwa nailoni. Vyovyote iwavyo, rangi haitakaa, itabanduka kila mwaka, na chumvi ikifika kwenye nondo zinaanza kutu, zinavimba, zege linapasuka. Mji ulio karibu na bahari hauhitaji kuongezewa chumvi ndani ya kuta.

Kwenye nyumba pacha alitoa sarafu ya shilingi mia mbili, akapiga magoti, akaanza kugonga marumaru moja moja. Iliyokaa vizuri inatoa mlio mfupi, mkavu. Iliyo na uwazi chini inaitika kama debe tupu, na hiyo siku moja utaangusha sufuria itapasuka. Tulizikuta tatu nyuma ya mlango wa chumba cha watoto, akaziwekea alama ya chaki. Bafuni alimwaga ndoo nzima ya maji, tukangoja. Badala ya kwenda kwenye tundu, yalirudi mlangoni. Hiyo nayo akaiandika. Halafu akaomba ngazi, akapanda kwenye tundu la dari na tochi ya simu, akakaa huko hadi Baba Nasra akamwita. Alichokuwa anatafuta ni ule ukuta wa katikati yetu na jirani: je, umepanda hadi kwenye bati, au umeishia kwenye dari? Nimeambiwa kuna nyumba pacha ambazo ukuta unaishia darini na huko juu kuko wazi kutoka kwako hadi kwa mwenzako. Sauti inapita, moshi unapita, na mwizi pia. Wetu umepanda hadi juu na umezibwa. Shemeji alishuka na utando wa buibui kichwani akasema, "Hapa wamefanya kazi."

Jioni nyingine nilikwenda mwenyewe baada ya zamu, nikabisha hodi kwa dada anayekaa upande wa pili wa ukuta. Nilimkuta anaanua nguo. Nilimuuliza yale ambayo ofisi ya mauzo haiwezi kujibu: usiku unamsikia nani, maji yanatoka siku ngapi, takataka zinazolewa lini, bodaboda anakubali kufika saa tano usiku? Alinipa kiti na chai. Maji, alisema, yanatoka kwa zamu lakini yanatoka, na kila nyumba ina mita yake ya maji ya DAWASA na LUKU yake ya umeme. Hilo ni jambo kubwa. Kuna maeneo nyumba zinagawana mita moja na kila mwezi ni ugomvi. Kuhusu maji yenyewe, watu wa Dar tunakumbuka mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua jiji likaingia kwenye mgao, na visima virefu vya Kigamboni vikaingizwa kazini kusaidia. Hata hivyo tutaweka tenki. Nyumba isiyo na tenki Dar es Salaam mimi naiona haijaisha.

Karatasi sitazisimulia sana, ila haya matatu msiyaruke. Omba upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, ujue kama hati mama ya mradi, ile ya eneo zima, iko rehani benki na itakombolewaje. Uliza utapewa hati gani: Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008 inaruhusu kila mwenye sehemu katika jengo awe na hati yake, lakini kuruhusiwa si kupewa, kwa hiyo muda wa kukabidhiwa uandikwe kwenye mkataba. Na uliza tozo ya kila mwezi ya ulinzi, taa na usafi ni kiasi gani na nani ana mamlaka ya kuipandisha. Sisi tulitafuta wakili wetu, si yule tuliyeelekezwa na muuzaji.

Aliyebaki kuridhika alikuwa mama mkwe, tunaishi naye na magoti yake yanamsumbua. Alipenda nyumba ya kona, kwa ajili ya uwanja. Anataka mchicha wake. Nilimpeleka zote mbili. Kwenye ile pacha alikwenda chooni, akatoka, akaniambia, "Mwanangu, hapa sipandi kidaraja chochote, na mlango unanipitisha na mkongojo wangu." Kisha akazunguka nyuma, akapima kwa hatua kile kipande cha ardhi kilichobaki kati ya ukuta na fensi. Mchicha utaota hapo, na mwembe mmoja wa kisasa, mfupi, akikubali Baba Nasra. Atakubali.

Yote ambayo shemeji aliyawekea chaki tuliyaandika kwenye orodha yenye picha, tukaisaini sisi na msimamizi wa mradi: marumaru tatu zing'olewe na kubandikwa upya, sakafu ya bafu ivunjwe na kupewa mteremko unaokwenda kwenye tundu. Tuliomba pia kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mjenzi anawajibika kurekebisha kasoro, kianze siku tunayopokea funguo, wala si siku nyumba ilipomalizika kujengwa, kwa sababu imesimama tupu tangu mwaka jana, na tulitaka masika nzima iwe ndani ya kipindi hicho. Walisita. Wakili alikaa nao, wakakubali, na kifungu kimeingia. Bafu limeshavunjwa, na wiki ijayo shemeji anarudi na ndoo yake kabla sisi hatujasaini cha mwisho.