Siku ya Kupima Urefu Kilolo

Mwaka 2017 nilijitolea kuandika vipimo katika siku ya afya na lishe ya kijiji kimoja cha milimani, wilayani Kilolo, mkoani Iringa, mahali ambapo mvua zikishika hakuna gari linalopanda na mgonjwa hushushwa kwa bodaboda. Nilitarajia kukuta njaa. Nilikuta maghala ya mahindi, maharage yaliyoanikwa kwenye maturubai, na watoto wafupi kuliko umri wao.

Ninayemkumbuka zaidi ni binti wa miaka mitatu. Muuguzi alimvua viatu, akamsimamisha kwenye ubao visigino vikigusa nyuma, akashusha kibao hadi utosini na kunisomea: sentimita 84. Mtoto wa kike wa umri huo hutarajiwa kufikia kama 95, na akiwa chini ya 87 huhesabiwa kuwa amedumaa. Hakuwa amekonda hata kidogo, na mashavu yake yalijaa, ndiyo maana bibi yake alicheka na kusema, "Ukoo wetu wote ni wafupi, mwanangu; huo si ugonjwa."

Muuguzi akaanza somo la makundi ya chakula. Mama wa mtoto alimsikiliza kwa adabu, kisha akayataja yote bila kukosea, maana alikuwa amefundishwa tangu ujauzito. "Najua, nesi," alisema. "Lakini kuku nawalisha mimi, mayai na maharage anauza baba yao. Na alfajiri nashuka vinyunguni, kwenye bustani za bondeni, mtoto anabaki na dada yake." Dada mwenyewe alikuwa na miaka kama saba, naye alichoweza kumpa mdogo wake ni uji mweupe uliopikwa asubuhi na kunywewa ukiwa baridi hadi jioni.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulipoonyesha kuwa Iringa, mkoa unaolisha wengine, inaongoza nchini kwa udumavu wa karibu asilimia 57 ya watoto walio chini ya miaka mitano, nilisikia tena hotuba za kulaumu ujinga wa akina mama. Huwa zinanikera.

Siku ile muuguzi alimwomba mwenyekiti awaite akina baba mara nyingine. Alijibiwa kwamba wanaume wako kwenye mbao, na mambo ya uji ni ya wanawake. Katika safu ya hatua zilizochukuliwa niliandika, kama nilivyoelekezwa, "ushauri umetolewa", nikaita jina lililofuata.