Nauli Ikishuka Baada ya Kulipa: Ninavyoikata Tiketi Upya

Kila nikitaja tiketi za ndege napewa ushauri uleule: kata Jumanne usiku, futa kuki, fungua kivinjari kwenye hali fiche. Nimejaribu yote matatu mara nyingi na hayajanipunguzia hata senti moja. Inaniudhi kuona watu wanakesha usiku kwa ajili ya mambo hayo, halafu wakishalipa wanafunga ukurasa na hawaangalii tena bei hadi siku ya safari. Mimi kazi yangu huanza hapo, baada ya kulipa. Nikipiga hesabu ya tiketi zangu zote, sehemu kubwa ya nilichookoa imetokana na kukata upya tiketi niliyokwisha kuilipia.

Sababu iko kwenye namna viti vinavyouzwa. Ndani ya daraja la kawaida kuna makundi kadhaa ya nauli, kila moja na herufi yake: Y kwa kawaida ndiyo nauli kamili ya juu, kisha zinafuata herufi nyingine kama B, M, H, Q na kuendelea, kila shirika na mpangilio wake. Kila kundi linafunguliwa kwa idadi fulani ya viti. Kundi la chini likiisha, mfumo unauza la juu yake, ingawa kiti ni kilekile, chakula ni kilekile. Abiria wakighairi, au wapangaji bei wakiona ndege haijai kama walivyotarajia, kundi la chini hufunguliwa tena. Huko ndiko nauli inakoshukia, na inaweza kushuka wiki moja baada ya wewe kulipa ile ya juu.

Kufaidika au kutofaidika na mshuko huo kunategemea tiketi uliyonunua mwanzoni. Nauli ya chini kabisa, ile isiyo na begi wala kuchagua kiti, kwa kawaida haibadilishwi, au ukiibadilisha unakatwa kiasi kinachomeza punguzo lote. Hatua moja juu yake mambo ni tofauti. Agosti 2020 mashirika ya Marekani United, Delta na American yalifuta ada ya kubadilisha kwa sehemu kubwa ya tiketi zao, isipokuwa hizo za chini kabisa. Kabla ya hapo, safari za ndani ya Marekani zilikuwa zikitozwa kama dola 200 kwa badiliko moja, kwa hiyo nauli ilibidi ishuke kupita dola 200 ndipo upate chochote. Ada ikiwa sifuri, hata dola 30 ni zako. Kwingineko duniani tiketi nyingi bado zina ada, na ndiyo maana nasoma masharti ya nauli kabla ya kulipa, hasa mstari wa kubadilisha na mstari wa kughairi. Wengi wanasoma neno “hairejeshwi” wanaishia hapo. Neno hilo linasema pesa haitarudi kwenye kadi. Halisemi kuwa tiketi haibadilishwi, wala kuwa huwezi kupewa thamani yake kama salio la safari ijayo. Nimeona watu wakipoteza tiketi nzima kwa kutotofautisha mambo hayo mawili.

Saa 24 za kwanza zina sheria yake. Kwa safari za kwenda, kutoka au ndani ya Marekani, shirika linatakiwa kukuruhusu ughairi ndani ya saa 24 na kurudishiwa pesa yote, au likushikilie nauli kwa muda huo bila malipo, alimradi umekata siku 7 au zaidi kabla ya kuondoka. Hapo hata tiketi isiyorejeshwa inarejeshwa. Mashirika mengi yana utaratibu kama huo hata kwenye njia nyingine, ila masharti yao yanatofautiana. Mimi naangalia bei saa chache baada ya kulipa, kisha tena asubuhi yake. Sheria hiyo inalilazimu shirika la ndege; wakala wa mtandaoni halazimiki nayo kwa namna ileile. Hiyo ni mojawapo ya sababu za mimi kununua moja kwa moja kwa shirika. Nyingine ni kwamba ukipiga simu shirika kubadilisha tiketi iliyokatwa na wakala, mara nyingi unaambiwa urudi kwa aliyekuuzia, na yeye ana ada yake juu ya ile ya shirika.

Kufuatilia bei hakuhitaji kazi kubwa. Naiwashia safari yangu ufuatiliaji kwenye Google Flights, huduma ya Google ya kutafuta nauli za ndege, na bei ikibadilika napata barua pepe. Ila siichukui taarifa hiyo kama ilivyo, maana bei inayotangazwa inaweza kuwa ya ile nauli ya chini kabisa isiyo na begi, wakati mimi nimelipia ya juu yake. Nafungua tovuti ya shirika lenyewe na kulinganisha vitu vinavyolingana: namba ya ndege, tarehe, jina la nauli, begi, na sarafu. Sarafu nimeitaja makusudi. Punguzo la asilimia 3 linaweza kuishia lote kwenye makato ya benki na tofauti ya kubadilisha fedha kama umelipa kwa sarafu moja na unarejeshewa kwa nyingine.

Naangalia mara mbili kwa wiki, na kila siku ninapokaribia siku ya 21, ya 14 na ya 7 kabla ya safari. Nauli nyingi za chini zina sharti la kukatwa mapema kwa idadi hiyo ya siku. Ukikata upya, kwa kawaida siku zinahesabiwa kuanzia siku unayokata upya, na si siku uliyonunua tiketi ya kwanza. Ukisubiri hadi siku ya 13 ukitarajia nauli ya siku 14, haipo tena hata kama viti ni tele.

Sasa nieleze lile lililonifunza zaidi ya yote. Nauli ya ndege niliyokuwa nimeikata ilishuka kwa karibu robo. Niliogopa kwamba nikighairi kwanza, kundi la chini litafungwa nibaki sina kitu. Basi nikanunua tiketi mpya kwanza: ndege ileile, siku ileile, jina lilelile. Malipo yakapita, namba ya buking ikaja. Nilipoingia kughairi ile ya zamani, tovuti ikaleta hitilafu, nikaiacha nimalizie jioni. Kumbe mifumo ya mashirika inapekua orodha za abiria kutafuta jina moja lililoshika viti viwili kwenye ndege moja, na ikilikuta inaondoa kiti kimoja. Jioni ile mfumo ulikuwa umeondoa kile kipya, cha bei nafuu, na kuniachia cha bei ya juu. Tiketi mpya yenyewe ilikuwa bado hai kwenye mfumo, namba yake ipo, pesa imekatwa, ila nyuma yake hakuna kiti. Kurudi kutafuta, kundi la chini limeshafungwa. Kilichoniokoa ni zile saa 24: nikapiga simu, tiketi mpya ikafutwa na pesa ikarudi kwenye kadi siku kadhaa baadaye. Punguzo lote likapotea.

Tangu hapo utaratibu wangu uko hivi. Kwanza naingia kwenye buking ya zamani na kubonyeza kubadilisha safari, kisha nachagua ndege ileile na tarehe ileile. Mifumo mingi inakubali, inaonyesha tofauti kama salio, na haiachii kiti cha zamani kabla kipya hakijathibitishwa. Hiyo ndiyo njia salama kuliko zote. Mfumo ukigoma kwa madai kwamba hujabadilisha chochote, napiga simu na kuomba tiketi itolewe upya kwa nauli iliyopo sasa. Natamka herufi ya kundi ninaloliona, na mhudumu anaelewa mara moja ninachotaka. Kughairi na kukata upya ni njia ya mwisho.

Na kabla ya kughairi kuna ujanja ninaoupenda mno, kwa sababu unakuonyesha kitu ambacho tovuti haikuambii: viti vingapi vimebaki kwenye kundi la chini. Tafuta safari yako kwa abiria 1, andika bei ya mtu mmoja. Rudia kwa abiria 2, 3, 4, hadi 9, ambayo ndiyo mwisho kwenye tovuti nyingi. Mfumo kwa kawaida unawauzia wote walio kwenye buking moja kundi moja la nauli. Kundi la chini lisipowatosha wote, mfumo unawarusha wote hadi kundi la juu. Tuseme bei ya kila mtu ni 480 kwa abiria 1, 480 kwa 2, 480 kwa 3, halafu kwa 4 inaruka kuwa 560. Viti vya 480 ni vitatu. Nikiona vitano na kuendelea, naghairi kwa utulivu na kukata upya papo hapo. Nikiona kimoja, sighairi kabisa, kwa maana mtu mwingine anaweza kukichukua katika dakika mbili ninazojaza majina, na kiti changu nilichokiachia hakina lazima ya kurudi kwenye kundi la chini.

Ujanja huohuo ni dhahabu kwa familia. Watu wanne wanatafuta pamoja, wanaona 560, wanasema bei haijashuka. Imeshuka, ila kwa watatu. Naomba shirika liigawe buking, watatu kwenye namba moja na mmoja kwenye nyingine, kisha nabadilisha ile ya watatu. Tahadhari ni kwa watoto tu: kila mtoto abaki kwenye buking yenye mtu mzima. Na uombe buking zote mbili ziandikiwe kumbukumbu kwamba mnasafiri pamoja, ndege ikiahirishwa msitawanywe.

Tiketi ya kwenda na kurudi ina mtego mwingine. Ukibadilisha kurudi peke yake, mara nyingi mfumo unapiga upya hesabu ya tiketi nzima kwa bei za leo. Kurudi kumeshuka dola 90, kwenda kumepanda 110, unaambiwa uongeze 20. Ndiyo maana pale ambapo tiketi mbili za njia moja zinalingana bei na ya kwenda na kurudi, kama ilivyo kwenye njia nyingi za ndani ya Marekani, nanunua mbili tofauti. Kila moja inashuka na kubadilishwa kivyake. Kwenye safari ndefu za kimataifa sifanyi hivyo bila kupiga hesabu, kwa sababu njia moja huko inaweza kukaribia bei ya zote mbili.

Tiketi za maili, yaani zinazolipiwa kwa pointi unazokusanya kwenye shirika badala ya pesa, ni rahisi zaidi. Mipango mingi ya maili ya mashirika makubwa ya Marekani inarudisha maili zote bila ada ukighairi kabla ya kuondoka, na kodi inarudi kwenye kadi. Hapo nakagua hata kila siku.

Ukishamaliza, fungua risiti mpya uangalie tarakimu 13 za tiketi. Tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa. Namba ya buking, ile ya herufi na tarakimu sita, peke yake haitoshi: inaonyesha kiti kimeshikwa, haithibitishi kwamba tiketi imetolewa. Kagua pia kiti ulichochagua na begi ulilolipia. Ukibadilisha kwa njia ya kwanza kwa kawaida vinahama navyo. Ukighairi na kukata upya vinaweza kubaki kwenye buking iliyokufa, na begi likawa na bei kubwa kuliko punguzo ulilolipigania.

Salio lina tarehe yake ya kufa. Mara nyingi ni mwaka mmoja kuanzia siku tiketi ya kwanza ilipotolewa, na kukata upya hakuongezi hata siku. Mashirika mengine yanataka uwe umekata tiketi kabla ya tarehe hiyo, mengine yanataka uwe umeanza safari yenyewe. Naandika tarehe kwenye kalenda ya simu siku hiyohiyo, pamoja na jina la abiria, maana salio kwa kawaida ni la jina lililokuwa kwenye tiketi hata kama kadi iliyolipa ni ya mtu mwingine.

Barua pepe ya mabadiliko ya ratiba usiikubali kwa haraka. Ndani yake kuna kitufe cha kukubali, na watu wanakibonyeza ili waendelee na shughuli zao. Kwa safari za Marekani, shirika likisogeza muda wako wa kuondoka mapema zaidi au wa kufika nyuma zaidi kwa saa 3 au zaidi ndani ya nchi, au saa 6 au zaidi kimataifa, una haki ya kurejeshewa pesa usipoikubali safari mpya, hata kama tiketi yako ni ile isiyorejeshwa. Kwingine kuna masharti mengine, lakini shirika lililobadilisha ratiba lenyewe huwa jepesi kukuhamishia ndege nyingine bila ada. Barua kama hiyo ikiingia, kabla ya kugusa kitufe chochote natafuta bei ya leo ya safari hiyohiyo. Ikiwa imeshuka, nahakikisha kwanza kwamba pesa ya tiketi mpya ipo kwenye kadi, maana marejesho yanaweza kuchukua hadi siku 7 za kazi, kisha naomba pesa yangu na kukata upya kwa bei ya chini.